Pauni 285 au pauni 29,000: bei ya kuishi na mwenza Uingereza

Tangu Julai 2025 kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya, na kila anayeusambaza anauongezea chumvi: "Uingereza imefunga wenza." Chini yake hakosekani wa kutoa ushauri wa bure, kwamba sasa njia iliyobaki ni moja tu, kutafuta Mwingereza mkafunga ndoa. Yote mawili si kweli, na la pili lina hatari zaidi, maana mtu anaweza kuuza shamba kwa kuliamini. Wenza bado wanaingia Uingereza kwa mgongo wa viza za kazi za waume na wake zao, na wakishafika wanaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote watakayoipata. Na yule tunayedhani ndiye mwenye funguo mfukoni, raia wa Uingereza mwenyewe, ndiye anayedaiwa fedha nyingi kuliko muuguzi mgeni ili mumewe au mkewe aruhusiwe kuingia.

Nasema hivi: viza ya mwenza, kwa jinsi ilivyo leo, inapima kazi. Inapima soko la ajira la nchi ile linamhitaji kiasi gani yule aliyetangulia, na analipwa kiasi gani. Cheti cha ndoa kinakupa nafasi kwenye foleni, basi. Mbele ya foleni yenyewe kinachosomwa ni salari slipu. Mtu akilielewa hilo, mambo mengi ambayo kwa mbali yanafanana na ukatili wa kubahatisha yanaanza kuonyesha mpangilio wake. Na lawama nazo zinagawanyika. Sehemu yake inakwenda London, lakini kuna sehemu inayobaki hapa kwetu, na hiyo nitaifikia.

Tuanze na namba. Muuguzi kutoka Kisumu au Moshi akipata ajira kwenye hospitali ya umma kule, akaomba viza ya kazi za afya, sharti la fedha kwa ajili ya mwenza wake ni kuonyesha pauni 285 zilizokaa benki siku 28. Hata hizo, mwajiri akikubali kumdhamini, hazitakiwi. Mwenza hatozwi ile tozo ya afya ya kila mwaka kwa sababu viza za kundi hilo zimesamehewa, na ada ya maombi kwa viza isiyozidi miaka mitatu ni pauni mia tatu na ushei. Sasa mchukue raia wa Uingereza, tuseme binti aliyezaliwa Leicester kwa wazazi wa Mombasa, anayefanya kazi dukani na ameolewa na kijana wa Likoni. Yeye anatakiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Ada ya maombi ya mumewe, ilivyopangwa Aprili 2025, ilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ya kwanza ni ya miezi 33, hulipwa kwa miaka mitatu kwa mkupuo, pauni 3,105. Jumla ilikuwa pauni 5,043 kabla hujanunua tiketi ya ndege. Kwa Kenya hizo ni zaidi ya laki nane za shilingi. Kwa Tanzania, milioni 16 hivi. Zikipita miaka miwili na nusu na kidogo, mnarudi dirishani kulipa tena.

Hizo pauni 29,000 inafaa tuzitazame kwa karibu, maana ndipo kanuni inapojieleza yenyewe. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 52, bila kukosa hata siku moja, kwa kima hicho alipata pauni 25,400 hivi. Yaani serikali imeweka mshahara ambao ni halali kumlipa mtu mzima kwa kazi ya kutwa, kisha ikasema mtu huyo huyo hana uwezo wa kuishi na mkewe. Kipato cha kazi cha mwenza aliye nje hakihesabiwi katika maombi haya. Awe daktari Muhimbili, awe na duka la vipuri Gikomba, mbele ya afisa anahesabika sifuri. Akiba inaweza kuziba pengo, ila kwa hesabu ya ajabu: pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi, na zinazobaki zinagawanywa kwa mbili na nusu. Asiye na kipato chochote anahitaji akiba ya pauni 88,500. Hizo si akiba za muuza duka wa Leicester.

Kanuni hii haikuanza jana. Ililetwa Julai 2012, Theresa May akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kiwango kikiwa pauni 18,600. Ilipingwa hadi Mahakama ya Juu, na Februari 2017 majaji wakasema kiwango chenyewe kinakubalika kisheria ila serikali haikuzingatia inavyopaswa maslahi ya watoto wala vyanzo vingine vya fedha. Mwaka 2015, kabla ya hukumu hiyo, ripoti ya Kamishna wa Watoto wa England ilikuwa tayari imewapa jina watoto wanaomjua mzazi mmoja kupitia skrini: familia za Skype. Aprili 2024 kiwango kikarushwa hadi 29,000, na mpango ulikuwa kukifikisha 38,700. Serikali ya chama cha Labour ilipoingia ilisimamisha kupanda huko na kuiomba kamati yake ya wataalamu wa uhamiaji itoe ushauri. Juni 2025 kamati ikajibu kwamba kiwango cha kati ya pauni 23,000 na 28,000 kinaweza kutetewa kulingana na serikali inatanguliza nini, na ikaonya kwamba 38,700 huenda ingegongana na haki ya maisha ya familia. Ngazi zote za kamati, hata ile ya juu, ziko chini ya kiwango kilichopo.

Upande wa viza za kazi nao uligawanywa vipande, na hapa ndipo ule ujumbe wa WhatsApp ulipozaliwa. Tangu Januari 2024 wanafunzi, isipokuwa wa shahada za utafiti na wachache wengine, hawaleti wenza. Tarehe 11 Machi 2024 ikawa zamu ya wafanyakazi wa kea, yaani wanaotunza wazee na wagonjwa majumbani na kwenye makao yao: aliyeingia njia hiyo baada ya siku hiyo anaingia peke yake. Aliyekuwamo kabla ya siku hiyo alibaki na haki yake, jambo ambalo nimekuta watu walio kulekule hawalijui. Tarehe 22 Julai 2025 serikali ikafunga kabisa kuajiri watu wa kea kutoka nje, ikapandisha viza ya kazi za ujuzi hadi kiwango cha shahada na kima cha kawaida cha mshahara cha pauni 41,700 kwa mwaka, na kwa kazi za kati zilizoachwa kwenye orodha ya muda ikawanyima waombaji wapya haki ya kuja na wenza. Muuguzi, daktari, mhandisi, mwalimu wa sayansi mwenye mkataba: hao mlango wao wa wenza haukuguswa. Kwa hiyo Uingereza haikufunga wenza. Ilifunga wenza wa watu wa mishahara midogo, na mtu wa mshahara mdogo anaweza kuwa mgeni wa kea au raia wa kuzaliwa anayeuza duka. Kwa kipimo hiki wote wawili wako kapu moja.

Nina binamu yangu kaskazini mwa England ambaye maisha yake ni kama kielelezo kilichochorwa kwa ajili ya hoja hii. Ni muuguzi wa diploma, alifanya kazi Tanga miaka sita. Mwishoni mwa 2024 alikwenda kwa viza ya kea kwa sababu njia ya uuguzi ilionekana ndefu: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta, kisha ule wa vitendo wanaouita OSKI, ndipo baraza la wauguzi la kule likusajili. Mumewe, mwalimu wa sekondari, alibaki na watoto wawili. Siku atakayosajiliwa kuwa muuguzi na kubadilisha viza, mumewe atageuka kutoka mtu asiyeruhusiwa kuingia hata kwa dawa na kuwa mtu anayehitaji pauni 285. Mikono itakuwa ileile, na ndoa ileile iliyofungwa na shehe yuleyule. Hata wazee atakaowahudumia huenda wakawa walewale, waliohamishwa tu kutoka makao hadi wodini. Kitakachobadilika ni cheo kwenye mkataba.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, na si zote za kupuuzwa. Ya kwanza na yenye uzito ni ya idadi. Serikali ya Uingereza ilisema kwamba katika mwaka ulioishia Septemba 2023 wafanyakazi wa kea laki moja waliingia na wategemezi wapatao 120,000. Ukiwa kiongozi wa mji ambao nyumba za kupanga hazitoshi na foleni ya daktari ni ya wiki tatu, namba hiyo huipuuzi. Nchi yoyote ina haki ya kuamua inapokea watu wangapi. Tanzania na Kenya nazo zina vibali vyao vya kazi na vibali vya wategemezi, na mgeni aliyewahi kuhangaika navyo Dar au Nairobi anaweza kukusimulia. Tena nikiri kwamba sekta ya kea iliachiwa holela. Mawakala waliuza barua za udhamini kwa mamilioni ya shilingi, watu wakafika wakakuta hakuna kazi, na kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilifuta leseni za waajiri za kudhamini wageni zaidi ya 470 katika sekta hiyo. Leseni ikifutwa, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke, na mwenza na watoto wanaondoka naye. Mtu anaweza kusema, bila ubaya wowote, kwamba ni nafuu aliyeumia awe mmoja kuliko wanne.

Hoja ya pili ni dhaifu kidogo: kwamba wategemezi ni mzigo. Ilitolewa takwimu kwamba robo tu ya wategemezi hao walikadiriwa kuwa kazini. Lakini neno mtegemezi linajumuisha watoto. Ukihesabu mtoto wa miaka minne kama mtu asiye na ajira, hujapima uvivu wa mtu yeyote. Isitoshe, viza zao zina sharti la kutogusa ruzuku za serikali, na mtu mzima aliyeingia na mwenza wake alikuwa na ruhusa ya kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Kwenye nyumba nyingi za Waafrika Mashariki ninazozifahamu huko, mke alikuwa zamu ya usiku kwenye makao ya wazee na mume zamu ya mchana ghalani, wakipishana mlangoni kama walinzi. Anayetaka kupunguza idadi ya watu aseme anapunguza idadi ya watu. Hilo la mzigo aliache.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote, huko na hapa: kwamba masharti haya yanazuia ndoa za makaratasi. Zipo, hakuna anayebisha. Lakini kipimo cha pauni 29,000 kinamkamataje mwongo? Mwenye ndoa ya uongo na mshahara wa pauni 45,000 anapita. Mwenye ndoa ya kweli na mshahara wa pauni 24,000 anakwama. Kama lengo ni kumkamata tapeli, hicho ni chujio kinachopitisha mchanga na kuzuia maji. Uchunguzi wa ukweli wa ndoa ni kazi nyingine, ina masharti yake, na ndiyo inayowatesa watu kwa namna ambayo haizungumzwi. Pita siku yoyote kwenye steshenari zilizo karibu na ofisi za kupokea maombi ya viza. Mwaka jana nilisimama nyuma ya kijana aliyekuwa akichapisha mazungumzo yake ya WhatsApp na mkewe ya miaka mitatu: "umekula?", "nimekula", "lala salama mpenzi", kurasa mia mbili na zaidi, shilingi mia kwa ukurasa. Aliyekuwa kwenye mashine alikuwa akisoma huku anajifanya hasomi. Kijana akauliza jumbe za sauti zinachapishwaje, kwa kuwa mkewe hapendi kuandika. Hakupata jibu. Alilipa, akafunga bahasha, akaondoka na ndoa yake kwapani.

Utaratibu huo una upofu wake kwetu. Uingereza haidai lazima cheti. Wasiooana wanaweza kuomba wakionyesha uhusiano unaofanana na ndoa uliodumu miaka miwili. Kwenye karatasi ni ukarimu. Lakini ushahidi unaotarajiwa ni wa maisha ya aina fulani: mkataba wa pango wenye majina mawili, akaunti ya pamoja, bili za umeme. Nyumba ya kupanga Tandika au Kayole ina jina la mmoja tu kwenye mkataba, kama mkataba upo, na umeme ni wa luku ya mwenye nyumba. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamdhania mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili na kukubalika kama mume na mke kuwa wanandoa, mpaka ithibitike vinginevyo. Majirani ndio mashahidi. Afisa wa viza hana majirani. Kenya, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, iliamua ndoa za kimila nazo zisajiliwe, na ninadhani hapo ilifanya la maana kuliko wengi wanavyoona, kwa kuwa aliyelipa mahari mbele ya koo mbili leo anaweza kutoka na karatasi. Kama una ndoa ya kimila na safari akilini, ushauri wangu wa kwanza hauhusu ubalozi wowote: kasajili ndoa yako.

Wapo watakaosema Uingereza ndio wabaya, twende kwingine. Kwingine kukoje? Ujerumani, ambayo Kenya ilisaini nayo makubaliano ya uhamiaji wa kazi Berlin Septemba 2024, inamruhusu mwenza aliyeingia kwa njia ya familia kufanya kazi bila kikwazo, na mwenza wa mwenye Blue Card, kibali cha wataalamu, hadaiwi cheti cha Kijerumani cha ngazi ya kwanza kama wengine wengi wanavyodaiwa. Ndiyo mpangilio uleule, kwa sura ya upole zaidi: mwenza wa anayehitajika sana anasamehewa. Kanada, iliyokuwa kimbilio, tangu tarehe 21 Januari 2025 inatoa kibali huria cha kazi kwa wenza wa wafanyakazi wa ngazi za juu na wa baadhi ya kazi zenye upungufu, na kwa wenza wa wanafunzi wa udaktari, wa programu chache za taaluma, na wa uzamili wa miezi 16 au zaidi. Na Ghuba? Huko hatujawahi hata kuuliza. Maelfu ya dada zetu wamekwenda Saudia na Oman kufanya kazi za ndani kwa viza ambazo wazo la kuja na mume halimo kabisa, na hatukuandika makala za kulalamika. Tulizoea. Huenda tungeanzia huko.

Kwa sababu kuna hoja moja zaidi, na hii haitoki London. Inatoka kwenye vikao vyetu vya familia: nenda kahangaike kwanza, familia itafuata; hata babu zetu waliwaacha wake kijijini. Ni kweli waliwaacha. Vijana wa Kigoma na kwingineko walikwenda kukata mkonge Tanga wakiitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa namba, na wengi walitoka peke yao. Nairobi ya mkoloni ilijengwa na vitanda vya wanaume wasio na familia, na mshahara ulipangwa kwa mtu mmoja, kwa hesabu kwamba mke na watoto watakula cha shamba. Mpango huo uliyumba. Mombasa wapakuaji wa meli na wafanyakazi wengine waligoma mji mzima Januari 1947. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni Kenya iliyochunguza mishahara ya Waafrika, Kamati ya Carpenter, ikapendekeza mshahara wa chini uhamishwe hatua kwa hatua kutoka kipimo cha mseja hadi kipimo cha mtu mwenye familia. Haikuwa huruma. Walitaka mfanyakazi anayetulia, anayejifunza kazi, asiyekimbia kijijini kila msimu wa kulima. Kwa hiyo dola ileile ya Uingereza iliwahi kukokotoa, miaka sabini iliyopita, gharama ya kumwajiri mtu na kumwacha mwenzake nyuma, na ikaona ni hasara. Leo makao ya wazee yanalia kwamba wafanyakazi hawakai.

Hapo ndipo lawama inapogawanyika. Kenya ilisaini na Uingereza makubaliano ya wauguzi Julai 2021, ikaja ya Ujerumani, na serikali imelipa zoezi zima jina la Kazi Majuu. Fedha zilizotumwa na Wakenya walio nje mwaka 2024 zilifika karibu dola bilioni 4.95, na mawaziri wanazitaja kama mkulima anavyotaja magunia. Tanzania nayo inafungua milango ya ajira nje kupitia wakala wake wa ajira. Katika hotuba zote hizo kipimo cha mafanikio ni vichwa: wangapi wamekwenda. Sijasikia waziri akisimama na kusema wangapi wamekwenda na wenza wao, au wangapi waliorudi walikuta bado wana ndoa. Anayeuza kazi za watu wake ana nguvu ya kujadiliana wakati ule tu anapohitajika. Uingereza iliwahitaji watu wa kea mwaka 2022 kiasi cha kuwafungulia lango wazi; mezani wakati ule pangeweza kuwekwa ibara moja, kwamba masharti ya wenza hayatabadilishwa kwa walioingia chini ya makubaliano. Julai 2025 hakuna aliyekuwa na cha kuweka mezani.

Na mwenza mwenyewe, huyo anayeandikwa tegemezi, ana hesabu yake ya kupiga kabla hajafunga sanduku. Viza yake imening'inia kwenye viza ya mwingine. Ndoa ikivunjika, au aliyetangulia akipoteza kazi, kibali chake nacho hukatizwa. Pendekezo lililotangazwa London Novemba 2025 linaurefusha mning'inio huo: ukaazi wa kudumu kwa wenye viza za kazi utoke miaka mitano hadi kumi kama kawaida, na kwa wa kea na wengine walio chini ya ngazi ya shahada hadi kumi na mitano, huku mume au mke wa raia akibaki na mitano. Hapa njia ya ndoa na raia, ghali kama ilivyo mlangoni, inakuwa fupi ndani. Kwa wenye uwezo wa kuchagua, hilo ni jambo la kukaa chini na kalamu, hasa kama kuna watoto watakaotimiza miaka 18 njiani. Wakongomani na Warundi waliopata ukimbizi huko walikuwa na njia yao ya kuunganishwa na familia isiyo na kipimo cha mshahara. Septemba 2025 maombi mapya ya njia hiyo yalisimamishwa, na wao pia wakaelekezwa kwenye dirisha la pauni 29,000.

Binamu yangu alikwishapiga hesabu yake. Kiingereza amepita, mtihani wa kompyuta amepita, bado huo wa vitendo. Anafanya mazoezi chumbani kwake baada ya zamu, mto ukiwa mgonjwa, akisema kila hatua kwa sauti kama wanavyotaka: nimenawa mikono, nimeuliza jina, nimeangalia bangili. Mumewe alinipigia wiki iliyopita kuniuliza kama aende mapema kupima kifua kikuu kwenye kliniki inayotambuliwa, maana ana likizo ya shule sasa na nauli anayo. Nilimwambia cheti hicho hudumu miezi sita tu. Akanyamaza kidogo, nikasikia anahesabu, kisha akaniuliza kama likizo ya Desemba itakuwa imechelewa.